Maji Tuliyoyachemsha Mno

Nilikuwa namenya viazi siku walipocheka kuhusu meno yangu. Hawakujua kuwa ni yangu. Ni watu wawili, mwanamume na mwanamke, wanaoendesha podikasti ya sayansi kutoka nchi fulani ya baridi, nami nimewasikiliza kwenye simu tangu mwaka wangu wa pili chuo kikuu. Huuliza maswali ya aina ninayoipenda: kwa nini vidole hukunjamana ukifua kwa muda mrefu, kwa nini mtu akipiga miayo nawe unapiga, kwa nini kitunguu kinaliza. Siku hiyo swali lilikuwa la meno. Mwanamke akaeleza kwamba kwao floraidi hutiwa kidogo kwenye maji ya mfereji ili meno ya watoto yasioze. Kidogo tu, akasema, kwa sababu ikizidi wakati meno yangali yanajijenga ndani ya ufizi, hutoka yakiwa na madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki wa kuyaondoa.

"Lakini hilo lisikupe wasiwasi," akamalizia, "isipokuwa kama umejenga nyumba juu ya volkano!"

Wakacheka. Halafu ukaingia muziki.

Nikaweka kisu chini. Nairobi yote imekaa juu ya mawe ya volkano. Hilo nililijua tangu shule ya msingi, nililiandika kwenye mtihani nikapata alama. Tena nimesoma kemia miaka minne. Naweza kukuchorea atomi ya florini nikiwa nimefumba macho na kukueleza jinsi inavyong'ang'ania kalisi. Tulipima maji ya chupa, maji ya ziwa, maji yanayotoka viwandani. Hakuna mhadhiri aliyewahi kutuambia tulete maji ya kwetu. Na mimi, ninayejigamba kwamba nahoji kila kitu, sikuwahi kuyabeba.

Nilikwenda kwenye kioo kidogo alichokuwa akinyolea marehemu baba, nikafungua mdomo. Sikuwa nimefanya hivyo kwa muda mrefu. Meno yangu ya mbele yana mistari ya rangi ya chai, na mawili yana vishimo kana kwamba yamedonolewa. Shuleni waliniita Kutu. "Kutu, cheka tuone mabati!" Nilijifunza kucheka nikiwa nimefunika mdomo kwa kiganja, na mpaka leo watu hudhani nina haya.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili Mama alinipeleka kwa daktari wa meno mjini. Tulishuka kituo cha mabasi cha Muthurwa tukatembea kwa miguu, Mama akiwa amevaa nguo yake ya Jumapili siku ya Alhamisi. Daktari aliniangalia kwa muda mfupi kuliko ule tuliongojea, akamgeukia Mama. "Mama, huyu mtoto unampa peremende kupita kiasi."

Peremende! Kwetu peremende ilionekana Krismasi. Lakini Mama aliinamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa, na tangu siku hiyo sukari haikuingia tena nyumbani mwetu. Nimekunywa chai isiyo na sukari miaka kumi na minne kwa dhambi ambayo hatukuitenda. Na majani ya chai yenyewe, nimekuja kusikia kwenye podikasti hiyo hiyo, yana floraidi yake.

Hasira ilinipanda pale mbele ya kioo, lakini bado ilikuwa hasira ya mambo yaliyopita. Kisha nikasikia kijiko kikigonga kikombe. Sakafuni alikuwa ameketi mtoto wa dada yangu, mwenye miaka miwili, akinywa uji. Dada hufanya kazi kiwandani Athi River na hutuachia mtoto kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Meno yake ya maziwa yalikuwa meupe kama punje za mahindi mabichi. Lakini yale atakayokaa nayo maisha yake yote yalikuwa yanajengwa wakati huo huo, ndani ya ufizi, kwa maji yaliyopikia uji ule. Maji yale yalitoka kwenye kisima cha kanisa, kile kile kilichonipa mimi meno yangu.

Hapo ndipo nilipoona sufuria.

Lazima niieleze sufuria hiyo, kwa sababu ni kosa langu. Miaka mitatu iliyopita wale wawili walifanya kipindi kuhusu viini vya magonjwa, na kama kawaida yangu nikamsimulia Mama jioni. Mama alikuwa mpishi wa shule ya watoto wadogo kabla hajastaafu, na ndiye msikilizaji wangu wa pekee. Hukunja nguo huku akiniuliza maswali ambayo wale wawili hawajiulizi. "Na hao wanajuaje?" Hilo ndilo swali lake kubwa. Nikimwambia pweza ana mioyo mitatu, atauliza nani alimpasua, na kama alimpasua akiwa hai. Mashaka yangu yote nimeyarithi kwake, ingawa yeye hudhani niliyaleta kutoka chuoni.

Jioni ile nilimwambia kwamba maji kutoa povu tu hakutoshi, achemshe vizuri. Nilisema "vizuri" bila kusema ni muda gani. Mama aliiheshimu digrii yangu kuliko nilivyoistahili. Kuanzia siku iliyofuata aliteleka sufuria kubwa juu ya jiko la makaa alfajiri na kuiacha itokote polepole mpaka mchana. Maji yakipungua nusu, anaongeza mengine, yanaendelea. Ndani ya sufuria kulishika ukoko mweupe, mgumu, aliokuwa akiukwangua kwa kijiko kila Jumamosi na kunionyesha kwa fahari. "Ona uchafu uliotoka humu! Asante, mwanangu."

Nami nilikuwa nikimjibu, "Karibu."

Siku hiyo ya viazi, Mama aliporudi kutoka dukani nilikuwa nimesimama kando ya jiko.

"Mama, hayo maji usimpikie mtoto tena."

"Maji gani?"

"Ya kisima cha kanisa."

"Yametokota tangu asubuhi."

"Hiyo ndiyo shida yenyewe."

Alitua mfuko chini taratibu. "We mtoto. Ni wewe uliyeniambia nichemshe. Ulisimama hapo hapo, ukanihubiria habari za viini mpaka chakula kikapoa. Leo kuchemsha kumekuwa makosa?"

"Viini hufa, Mama. Lakini kuna kitu kingine ndani ambacho hakifi, kwa sababu hakiishi. Ni kama chumvi. Ukiacha mchuzi uchemke mpaka upungue, chumvi inakwenda wapi?"

Mpishi aliye ndani yake alijibu kabla mama hajapata nafasi ya kukasirika. "Inabaki. Mchuzi unakuwa mkali." Akaitazama sufuria, kisha mtoto. "Ukiongeza maji, ukaacha yapungue tena…"

"Unazidi kuwa mkali."

"Mwaka na nusu," akasema. "Tangu alipoanza uji."

Nilimweleza yaliyobaki: volkano, ufizi, mistari. Aliniambia nifungue mdomo, nikafungua, akautazama kwa muda mrefu kama anayesoma barua iliyochelewa kufika.

"Na hao wachekaji wako wanajuaje habari za maji yetu?"

"Hawajui. Kwao sisi ni utani."

Nilidhani kazi imekwisha. Maji ya kanjo, yale ya mfereji wa baraza la jiji, huja mtaani kwetu Jumatano na Jumamosi, na hutoka mbali, milimani, si chini ya miamba yetu. Tungejaza mitungi miwili ya mtoto na kuchemsha mara moja tu, yakichemka tunayaepua. Lakini Mama aliingiza mkono kwenye kola ya blauzi, akatoa utepe wa bluu uliofungwa ufunguo.

Ufunguo huo ni wa bomba la kisima. Ameushika tangu alipostaafu. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi anafungua, wanawake wanapanga mitungi, na yeye anaamua nani amesukumana na nani ameonewa. Dandora nzima upande wetu humwita Mama Maji.

"Unataka nibebe mtungi wa kanjo nipite nao mbele ya kanisa," akasema, "na huu ukiwa shingoni? Wataniuliza mjukuu wangu anakunywa nini. Nitasema nini?"

"Sema ukweli."

"Ukweli wa simu?" Akaurudisha ufunguo ndani ya kola. "Nitaenda kuuliza mwenye kisima."

Sikuwa nimeingia kanisani humo tangu nilipofukuzwa darasa la Jumapili kwa kuuliza samaki wa maji baridi waliponea wapi wakati wa gharika. Jumamosi hiyo niliingia nyuma ya Mama, yeye akiwa na kitambaa cha kupangusia vumbi, kwa sababu Jumamosi ni zamu yake ya kusafisha. Ofisini tulimkuta mzee wa kanisa anayesimamia kisima, karani mstaafu wa reli aliyekulia Makongeni, mtu anayepiga pasi hata leso ya mfukoni.

"Bwana asifiwe! Msomi wetu amerudi. Umekuja kumalizia ile habari ya samaki?"

"Bwana asifiwe, Mzee. Nimekuja kuuliza kama maji ya kisima yaliwahi kupimwa."

Akacheka kwa furaha ya kweli, akanyoosha kidole ukutani. "Yalipimwa! Cheti si kile pale?"

Nilikijua. Kila mtu aliyewahi kukanyaga ofisi ile anakijua. Kimetundikwa kando ya picha ya mchungaji wa kwanza, ndani ya fremu iliyochongwa na muumini mmoja mchongaji, yenye twiga wawili waliokutanisha shingo juu. Siku kilipotundikwa, Mama anasema, watu waliimba na kukiwekea mikono kukiombea. Katika utoto wangu nilipita chini yake mara nisizoweza kuhesabu, na nilipoanza kuwa mjuaji nikapita chini yake nikibeua, kwa sababu kilikuwa ukuta mmoja na maandiko na kalenda ya mchungaji. Sikuwahi kukisoma. Nimesikiliza saa nyingi za watu wa ng'ambo wakinieleza kwa nini paka huangukia miguu, na sikuwahi kusoma karatasi iliyokuwa futi tatu juu ya kichwa changu.

Nilipanda juu ya kiti.

Ilikuwa ripoti ya maabara, si cheti, imekuwa ya manjano kwa umri. Mstari wa viini vya magonjwa ulisema hakuna hata kimoja, na mtu alikuwa ameupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Chini yake kulikuwa na mistari mingine ambayo haikupigiwa kitu. Floraidi ilikuwa wa tatu kutoka mwisho, tarakimu yake, na mbele yake maneno: juu ya kiwango. Na chini kabisa, sentensi moja ya Kiingereza cha maabara ikisema kwamba maji haya yasinywewe na watoto wadogo mpaka yasafishwe.

Niliisoma kwa sauti, kwanza kama ilivyoandikwa, kisha kwa Kiswahili. Mama alikuwa amesimama chini yangu na kitambaa mkononi. Ndicho kitambaa alichokuwa akipangusia kioo cha fremu ile kila Jumamosi.

"Mlijua," nikasema. Sauti yangu ilitoka vibaya. "Mzee, mlijua tangu siku ya kwanza mkaweka kwenye fremu!"

"Shuka kwenye kiti."

"Mlikiimbia!"

"Shuka, mwanangu, utaanguka." Alingoja mpaka niliposhuka. Hakuwa anacheka tena. "Tulisoma, ndiyo. Mimi mwenyewe ndiye niliyesoma. Wewe ulikuwa tumboni. Miezi ile tulizika watoto watatu wa kanisa hili kwa kuharisha. Watatu, majeneza ambayo mtu mmoja anabeba kwapani. Halafu inakuja karatasi inasema hakuna viini. Wewe ungepigia mstari upi?"

Sikuwa na jibu, na kukosa jibu kulinikasirisha kuliko kitu chochote alichoweza kusema. Wale wawili hawakosi. Kila swali lao huisha kabla ya muziki.

"Sawa," nikasema. "Mwaka ule, sawa. Na miaka yote hii baadaye?"

"Tulisema tutasafisha mambo yakitulia."

"Kuna mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa, maji yanapitishwa humo, floraidi inanaswa. Si lazima kisima kizima, hata ndoo za watoto tu."

"Mifupa ya ng'ombe?" Kicheko kikataka kumrudia. "Kwenye maji ya Bwana?"

"Basi waambieni wenye watoto wadogo! Wao tu!"

"Ukishasema maji ni mabaya, hakuna anayesikia 'kwa watoto tu'. Watarudi kwenye mifereji iliyopasuka ile inayopita kwenye mitaro. Utawazika wewe? Meno ni ya kutafunia, mwanangu. Mwenye meno mabaya yuko hai."

Hapo Mama akasema. Tulikuwa tumemsahau.

"Mzee. Ulijua nilipompeleka huyu kwa daktari?"

"Mama, mambo ya zamani—"

"Nilikuja hapa kuombewa, kabla hatujaenda na baada ya kurudi. Nikakuambia daktari amesema ni peremende. Nikalia kwenye benchi hilo. Ulijua?"

Mzee aliitazama leso yake.

"Nimekuuliza."

"Nilijua inaweza kuwa maji," akasema.

Mama akatikisa kichwa mara moja. Kisha akaendelea na kazi. Alipangusa benchi zote, moja baada ya nyingine, madirisha, mimbari, picha ya mchungaji. Fremu ya twiga hakuigusa. Nilitaka apige kelele. Nilitaka avue ufunguo na kuutupa mezani. Nilimngoja mlangoni, na aliponifikia alichosema ni kwamba maji ya kanjo yapo leo, tupite haraka kabla hayajakatika. Tulijaza mitungi miwili. Aliubeba mmoja kichwani mbele ya kanisa, katikati ya barabara, mchana kweupe. Mwanamke mmoja akamwita kutoka kibandani, "Mama Maji, kisima kimekauka?" Akaendelea kutembea.

Jumatatu aliniamsha. "Vaa. Tunakwenda wote."

Wanawake walikuwa wamekwisha kupanga foleni, wengine wakiwa na leso kichwani, moshi wa dampo la taka lililo jirani ukiwa chini kama kawaida ya asubuhi za baridi. Mama alisimama mbele ya bomba na hakulifungua.

"Leo kunani?" mmoja akauliza. "Mbona hata msomi ameamka?"

"Kamaliza digrii, sasa anaanza ya kuchota maji!"

Wakacheka. Mama akangoja kicheko kipite.

"Sikilizeni kwanza ndipo nifungue." Akanigeukia. "Eleza. Kama wale watu wako wa simu. Lakini usichekecheke."

Nikaeleza. Nilianza na volkano nikaona nyuso zinageukia pembeni, nikarudi kwenye mchuzi. Nikasema maji haya ni ya kufulia, ya kuoga, na mtu mzima akinywa siku mbili tatu hatazimia. Lakini uji wa mtoto na maji yake ya kunywa yawe ya kanjo au ya mvua, yachemshwe mara moja na kuepuliwa. Kuyachemsha ya kisima mpaka yapungue kunazidisha, hakupunguzi. Nikasema hilo la mwisho niliwahi kulifundisha vibaya nyumbani kwetu, na Mama hakuniokoa.

"Na nani kasema?" akauliza yule wa leso nyekundu.

"Karatasi iko ofisini ukutani. Mnaijua. Ile ya twiga."

"Ile si ya kusema maji ni safi?"

"Someni ya chini."

"Mimi nimekunywa haya miaka yote, na kiuno changu kiko sawa," mwingine akasema. "Hawa wasomi wakikosa kazi hututafutia magonjwa."

Wengi waliguna kumuunga mkono, na mmoja akausogeza mtungi wake karibu na bomba kwa mguu, kuonyesha kuwa darasa limekwisha. Nilihisi zile hasira za Jumamosi zikinirudia zote, sasa hata sikujua ni za nani.

Msichana mmoja aliyekuwa mwishoni, mwenye mtoto mgongoni na mitungi miwili, mkubwa na mdogo, akauliza kwa sauti ya chini, "Yanakuwaje? Hayo meno."

Nilitaka kueleza. Mama akaniwahi.

"Fungua mdomo," akaniambia.

"Mama."

"Fungua."

Nilimchukia kwa sekunde hiyo, mbele ya watu wote wale, baadhi yao wakiwa mama za walioniita Kutu. Mkono wangu ulikuwa umeshafika midomoni wenyewe, bila kuagizwa. Nikaushusha. Nikafungua mdomo na kuuacha wazi, na msichana akatoka kwenye foleni, akasogea karibu mpaka nikasikia harufu ya maziwa ya mtoto wake. Alitazama jino baada ya jino, kama mtu anayechagua viazi na hataki kupunjwa. Hakusema pole.

Alirudi kwenye nafasi yake. Mtungi mkubwa akauacha kwenye foleni. Ule mdogo, wa maji ya mtoto, akautoa, akaushika mkononi, akaondoka nao mtupu.

Ilikuwa Jumatatu. Maji ya kanjo huja Jumatano.

Mama alifungua bomba, maji yakaanza kupiga ndani ya mtungi wa kwanza kwa kelele ile ninayoijua tangu nizaliwe. Akasema bila kuinua macho, "Mfuate. Mwambie kwetu umebaki mtungi mmoja, agawane na mtoto wetu."

Nikamkimbilia.